Jumba na Shimo Lake: Historia ya Machimbo ya Mawe ya Chokaa katika Pwani ya Afrika Mashariki

Mwamba ambao miji mikongwe ya Waswahili imesimama juu yake ndio uliotoa mawe ya kuta zake, chokaa ya kuyaunganisha mawe hayo na lipu ya kuyafunika, hivi kwamba kuanzia Lamu hadi Kilwa ni vigumu kuitenganisha historia ya ujenzi na historia ya uchimbaji. Hata hivyo wanahistoria wameandika mengi kuhusu misikiti, majumba na ngome, na machache mno kuhusu mashimo yaliyobaki baada ya mawe kuondolewa. Shimo nalo lina tarehe zake, ufundi wake, watu walioumia ndani yake na maji yaliyo chini yake, na katika karne ya 20 lilipanuka hata likawa suala la kihandisi na la kimazingira lenye uzito sawa na wa jengo lenyewe.

Jiwe la chokaa ni mwamba ambao sehemu yake kubwa ni kalisi kaboneti, yaani madini yaleyale yanayounda ganda la yai, kombe la chaza na kiunzi cha tumbawe. Miaka ipatayo 125,000 iliyopita, katika kipindi cha joto kilichotangulia enzi ya mwisho ya barafu, usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko wa leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yalistawi mahali ambapo sasa ni nchi kavu. Bahari ilipopungua, matumbawe hayo yalibaki juu, yakafa, yakashikamana na kuwa ukanda wa mawe unaofuata ufuo, ambao juu yake vimekaa Mombasa, Bamburi na sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja. Nyuma ya ukanda huo mchanga kiumri kuna miamba mikongwe zaidi, kama ile ya Tanga yenye mapango ya Amboni, iliyojengeka katika kipindi cha Jurasiki yapata miaka milioni 150 iliyopita. Tofauti hii ya umri ina maana kubwa kwa mchimbaji, kwa kuwa jiwe changa la matumbawe limejaa matundu na huweza kukatwa kwa shoka au msumeno, ilhali jiwe kongwe limebanana na kwa kawaida halikubali kutoka kwa wingi bila baruti.

Waashi wa kale waliijua tofauti nyingine iliyo karibu zaidi na kazi yao. Kwa kuta nene walitumia mawe ya nchi kavu, yenye sura isiyo sawa, yaliyopangwa ndani ya udongo au chokaa. Lakini kwa miimo ya milango, matao na mihirabu walitafuta tumbawe zito la baharini, ambalo wataalamu huliita poritesi, wakalikata likingali hai chini ya maji na kulichonga likiwa laini, kwani likikaa hewani hukakamaa. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchunguzi wa mambo ya kale umeonyesha kwamba majengo ya tumbawe la aina hiyo yalikwishaanza katika karne ya 10, na katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, ambaye ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye nyua, vyumba vingi na birika la kuogea la pembe nane. Hakuna anayeweza kulitazama jengo hilo kwa makini asijiulize ni kiasi gani cha mwamba hai kilichotolewa baharini ili kulikamilisha. Na inafaa kusemwa wazi kwamba machimbo ya kwanza ya pwani hii yalikuwa chini ya maji, mahali ambapo jeraha halikuonekana na ambapo tumbawe, likiachwa kwa muda wa kutosha, liliweza kuota tena.

Chokaa yenyewe ilikuwa na gharama ya namna nyingine. Wachomaji walipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake na kuwasha moto uliowaka hadi rundo lote likaporomoka na kuwa jivu jeupe. Katika joto linalokaribia nyuzi 900 za Selsiasi jiwe huachia hewa ya kabonidioksidi na kubaki chokaa kali, ambayo ikimwagiwa maji huchemka kwa nguvu, hupasuka na kugeuka unga laini unaoitwa chokaa iliyozimwa, na huo ndio uliotumiwa na mwashi. Chokaa kali huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho kwa sababu hutafuta maji popote yalipo, hata katika mwili wa mtu. Hivyo hatari ya kazi hii haikuanza na mitambo ya kisasa. Kuni nazo zilitoka katika mikoko na minazi iliyo karibu, na kila tanuri lilimaanisha miti mingi, jambo linaloeleza kwa nini katika visiwa vidogo chokaa ilikuwa bidhaa ya watu wenye uwezo na nyumba nyingi ziliendelea kujengwa kwa miti, udongo na makuti.

Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, kwa mchoro wa mhandisi wa Kiitalia Giovanni Battista Cairati, walikuta mwamba uliokuwa tayari nusu ya kazi yao. Sehemu za chini za ngome hazikujengwa bali zilichongwa kutoka kwenye tumbawe la asili, na handaki lililoizunguka upande wa bara lilikatwa katika jabali hilohilo, kiasi kwamba jengo na shimo ni kitu kimoja. Ni mojawapo ya mifano michache katika historia ya pwani ambapo tundu lililoachwa na uchimbaji lilipewa kazi tangu siku ya kwanza.

Mageuzi makubwa yalitoka mbali. Mwaka 1824 Joseph Aspdin, mwashi wa mji wa Leeds nchini Uingereza, alipata hataza ya unga aliouita saruji ya Portland, na mbinu iliyoendelezwa baadaye kutokana na jina hilo ndiyo inayotumika duniani kote hadi sasa: mawe ya chokaa huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, husagwa, kisha huchomwa ndani ya tanuri refu linalozunguka hadi joto lifikie nyuzi zipatazo 1,450, yakitoka madonge magumu yanayoitwa klinka, ambayo husagwa pamoja na jasi kidogo. Kwa kuwa katika kuchomwa huko kila tani ya kalisi kaboneti hupoteza kilo 440 za uzito wake zikiwa hewa, kiwanda cha saruji hakiwezi kusafirisha mawe kwa umbali mrefu bila kulipia mzigo utakaopotelea angani, na ndiyo maana viwanda hivyo hujengwa mlangoni mwa machimbo. Kampuni ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na kiwanda chake, kaskazini mwa Mombasa, kikaanza uzalishaji mwaka 1954 kikiwa na uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Kiwanda cha Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kilifuata mwaka 1966, na kile cha Pongwe, Tanga, mwaka 1980. Katika muda usiozidi miongo mitatu pwani iliyokuwa ikichimba kwa mtalimbo na shoka ilipata machimbo yanayopimwa kwa hekta.

Machimbo ya ukubwa huo huendeshwa kwa kanuni ambazo nyingi zimetokana na ajali. Mwamba haukatwi kwa ukuta mmoja mrefu, bali hushushwa kwa ngazi, yaani kuta fupi zenye sakafu pana kati yake, ili jiwe likiporomoka lisifike kwa watu na magari yaliyo chini. Mashimo membamba hutobolewa kwa safu nyuma ya uso wa ukuta, hujazwa baruti, ambayo siku hizi mara nyingi ni mchanganyiko wa chumvi ya amoni nitreti na mafuta ya dizeli, na hulipuliwa kwa fataki zilizopangwa kupishana kwa sehemu ndogo sana za sekunde, ili kila safu iusukume mwamba wake baada ya safu ya mbele kutoa nafasi. Kupishana huko ndiko kunakopunguza mtikisiko unaosafiri ardhini na kupasua kuta za nyumba za jirani. Lakini jiwe la chokaa lina tabia ambayo jiwe la matale halina: maji ya mvua, yakichukua kabonidioksidi kutoka hewani na udongoni, huwa na ukali kidogo na hulila jiwe polepole, yakiacha mapango na mifereji isiyoonekana kutoka juu. Baruti ikimwagwa katika tundu lililokutana na pango, hujikusanya humo bila mtu kujua, na mlipuko ukitokea mawe huruka mbali kupita mipaka yote iliyopangwa. Kwa hiyo mtoboaji mwangalifu huandika kila mahali ambapo keekee ilipenya ghafla pasipo ukinzani, na karatasi hiyo, ambayo kwa mtu wa nje ni urasimu tu, inaweza kuokoa maisha ya watu.

Kuna pia madhara yasiyo na kishindo. Vumbi hukaa katika mapafu, kelele za mitambo huondoa usikivu kidogokidogo, na weupe wa jiwe huurudisha mwanga wa jua machoni. Mfano unaojulikana zaidi wa dhara hili la mwisho unatoka mbali na pwani hii, katika kisiwa cha Robben huko Afrika Kusini, ambako kuanzia mwaka 1965 Nelson Mandela na wafungwa wenzake walitumwa kuchimba chokaa. Waliambiwa kazi hiyo ingechukua miezi sita, ikaendelea kwa miaka 13, na ombi lao la miwani ya jua lilichukua karibu miaka mitatu kukubaliwa. Macho ya Mandela hayakupona kabisa. Ni mwaka 1995 tu ndipo Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba nambari 176 kuhusu usalama na afya migodini, unaohusisha pia machimbo ya wazi na unaompa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona kuna hatari kubwa kwa maisha yake.

Suala la maji ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo wakazi wa pwani hulielewa bila kufundishwa, kwa sababu wameishi na visima kwa vizazi vingi. Katika mwamba wenye matundu ulio kando ya bahari, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa kuwa ni mepesi zaidi; kanuni iliyopatikana Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na kupewa majina ya Ghyben na Herzberg, inasema kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini yake. Maana yake kwa mchimbaji ni kali: ukishusha maji kwa mita moja kwa kuyavuta kwa pampu, chumvi hupanda kwa mita 40, na kisima kilichonywewa na mababu huweza kuharibika. Ndiyo maana machimbo ya Bamburi hayakuweza kushuka apendavyo mwenye kiwanda; yalipaswa kusimama juu kidogo ya maji na badala yake kupanuka kwa upande, yakiacha uwanda mpana wa jiwe tupu, usio na udongo, unaowaka kwa jua na wenye maji ya chumvichumvi karibu chini yake.

Juu ya uwanda huo ndipo lilipofanyika jaribio ambalo limeipa pwani hii nafasi katika vitabu vya ikolojia. René Haller, mtaalamu wa kilimo na misitu kutoka Uswisi, aliajiriwa na kiwanda mwaka 1959 kusimamia bustani na chakula cha wafanyakazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akapewa jukumu la kulitafutia shimo uhai. Alipanda aina 26 za miti katika vijishimo vilivyochokonolewa kwenye mwamba. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, nazo ni mnazi, mti wa damasi wenye asili ya Somalia, na mvinje. Mvinje ndio uliofungua njia, kwa kuwa huvumilia chumvi na kwa kuwa katika vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wa jenasi ya Frankia, wanaoweza kuichukua naitrojeni ya hewani na kuugeuza uhaba wa rutuba kuwa akiba. Lakini majani yake, yaliyo kama sindano na yenye tanini nyingi, yalianguka na kulala bila kuoza, hivyo msitu ukawa unakua juu ya takataka zake badala ya udongo.

Ufumbuzi ulikuwa jongoo. Haller aliona jongoo wakubwa wenye miguu myekundu wakiyala majani hayo makavu, akawaleta kwa wingi, na kinyesi chao, kikishambuliwa na bakteria na kuvu, kikawa mboji ya kwanza kuwahi kukaa juu ya jiwe lile. Mtu yeyote aliyekulia pwani amewaona viumbe hawa baada ya mvua na kuwapita. Kwamba udongo wa hekta nyingi ulitoka matumboni mwao ni jambo linalostahili kukumbukwa kila mara mhandisi anapoandika bajeti ya mitambo mikubwa. Baada ya udongo ilikuja miche ya kienyeji iliyotokana na mbegu zilizobebwa na ndege na mikono ya watu, mabwawa ya samaki yaliyochimbwa hadi kuyafikia maji, mamba, viboko, pofu na twiga. Njia za kutembelea eneo hilo zilifunguliwa kwa umma katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1987 Haller akapokea tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na baadaye hifadhi ikaitwa kwa jina lake. Watu wengi duniani waliifahamu kwa sababu nyingine, pale mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 alipopelekwa huko na kuandamana na kobe mkubwa aliyeitwa Mzee.

Mafanikio hayo yasifiche kile kisichorejeshwa. Msitu wa Bamburi ni msitu mpya, si ule uliokuwepo. Na juu ya miamba ya chokaa huishi mimea na konokono wasiopatikana kwingine, ambao jiwe lao likiondolewa hawana pa kuhamia. Maua madogo ya zambarau ambayo yamejaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na ambayo jina lake la kitaalamu lilitokana na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa huko Tanga, yalielezwa kisayansi mwaka 1893 kutokana na mimea iliyoota, pamoja na mahali pengine, katika nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji huo. Ndugu zake wa porini katika majabali ya Kilifi sasa wamo hatarini, na uchimbaji ni moja ya sababu. Aidha ile hewa inayotoka katika kila tani ya jiwe inachangia joto la bahari, na bahari ilipopata joto lisilo la kawaida mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe hai ya pwani ya Afrika Mashariki ilipauka na kufa. Mwamba uliokufa unapochomwa, ule ulio hai nao hudhurika.

Kenya ilitunga sheria ya usimamizi wa mazingira mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, zote zikidai tathmini ya athari kabla ya kazi kuanza, na sheria za madini zilizofuata zikaongeza dhamana ya fedha inayowekwa na mwenye leseni ili shimo likarabatiwe hata kama yeye mwenyewe ataondoka. Wakati huohuo miji ilisogea hadi kwenye ukingo wa machimbo. Wazo Hill, palipochaguliwa zamani kwa kuwa mbali na mji, pamezungukwa na makazi ya Tegeta, Boko na Bunju, na mgogoro wa ardhi wa Chasimba, uliofika mahakamani, umeonyesha jinsi ilivyo vigumu kulinda umbali wa usalama wa mlipuko katika jiji linalokua kwa kasi.

Sheria hizo, hata hivyo, ziliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye leseni. Huko Kunduchi, si mbali na Wazo, wanawake wameketi kwa miaka mingi kando ya machimbo wakiponda mawe kwa nyundo kuwa kokoto, bila miwani, wakiuza kwa ndoo au kwa lori kwa wajenzi wa jiji. Na katika Kilifi vijana hukata matofali ya matumbawe kwa misumeno ya mashine, wakifunika pua kwa kipande cha nguo. Hatari kubwa katika machimbo ya namna hii ni ukuta unaochimbwa kutoka chini kwa sababu jiwe bora liko chini, hadi sehemu ya juu ibaki ikining'inia na siku moja ianguke, mara nyingi baada ya mvua kulegeza nyufa. Anayechimba anaijua hatari hiyo. Lakini kuanza kutoka juu kunadai kuondoa udongo na mawe yasiyouzika kwanza, siku kadhaa za kazi isiyo na malipo, na hakuna anayemlipa kwa siku hizo.

Jiwe likiisha, wachimbaji huhamia shamba la jirani na shimo hubaki. Mengine hujaa maji wakati wa masika na kuwa mazalio ya mbu na mahali pa hatari kwa watoto. Mengine, yakiwa karibu na mji, hugeuka majalala, malori yakimwaga taka juu ya mwamba wenye matundu usio na udongo wa kuchuja chochote, na mita chache chini yake yapo yaleyale maji matamu yanayoelea juu ya chumvi, ambayo visima vya mtaa mzima huyategemea.